Nani Aliyeitoa Nyumba ya Igoki

Kama gazeti la juma lililopita lilikufikia likiwa limefungiwa sukari, usihuzunike, nitakurudisha njiani upesi. Igoki, binti wa Siakago aliyeolewa Embu mjini, amekuwa akipotewa na mtu mmoja baada ya mwingine tangu Hali ya Hatari itangazwe. Mumewe Nthiga alibebwa katika msako akapelekwa kizuizini Manyani. Mtoto wao wa pekee alishikwa na kifua katika baridi ya Julai, akazikwa baba yake hayupo. Kazi yake ya kumfulia nguo mwalimu mmoja nayo ikakatika, kwa sababu mwalimu aliogopa kuonekana na mke wa mfungwa.

Ikabaki nyumba. Tulimwacha mlangoni mwa nyumba hiyo, homgadi mmoja, mlinzi wa mtaa aliyewekwa na serikali, amesimama mbele yake na bunduki, anamwambia kwamba kiwanja kimepewa mtu mwingine na kwamba ahame kabla mwezi haujaisha. Alipouliza ni nani aliyesema hivyo, akaambiwa ni kamati ya mtaa.

Ninayaandika haya kama Igoki mwenyewe alivyonieleza. Aliniambia nisifiche kitu, hata lile neno la mwisho, ambalo ningekuwa mimi ningelimeza nikafa nalo.

Basi, unataka kujua kama alilia. Hakulia. Machozi yake yaliishia kaburini kwa mtoto. Alimuuliza homgadi kama anataka maji ya kunywa, na yule homgadi, bila aibu, akanywa kikombe kizima akarudisha.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kujivunia. Udongo, chumba kimoja na jiko, paa la madebe yaliyofunguliwa na kunyooshwa. Lakini Nthiga aliijenga kwa mikono yake, na siku ile alipopandishwa kwenye lori alimpigia mkewe kelele kutoka juu: asihame, popote asiende, kwa maana akirudi atakuja hapo. Igoki hakuwa na kitu kingine cha kushika duniani. Nyumba ikienda, Nthiga akirudi atamkuta wapi?

Sasa nikwambie juu ya hii kamati.

Zamani kamati ya mtaa ilikaa nje, kando ya ukuta wa soko. Mwenye masikio alipita akasikia, na mwenye mdomo aliingilia. Kabla hawajainuka, mtaa mzima ulikwisha kujua nani amepewa kibanda cha kuuzia mboga na nani amenyimwa, na nani alisema apewe. Watu waligombana palepale, wakamaliza, wakaenda nyumbani.

Ilipokuja Hali ya Hatari, kamati ikahamishiwa ndani ya kambi ya homgadi, nyuma ya handaki na miti iliyochongwa ncha. Waliingia na midomo, wakatoka bila midomo. Bomba la maji lilihamishwa, ukiuliza, kamati imeamua. Njia ya kwenda mtoni ilifungwa, kamati imeamua. Ungedhani kamati ni mtu, ana mke na ana mlango unaoweza kubisha hodi.

Igoki aliamua kuuliza. Kwenye baraza la chifu alinyoosha mkono akasubiri, na alipopewa nafasi alisema kwamba anaomba kujua mtu mmoja tu, yule aliyeitaja nyumba yake. Akajibiwa kwamba ni kamati. Akasema kamati ina watu, anaomba mtu. Wanaume wachache walicheka kidogo, cheko la hofu. Chifu akasema mambo ya usalama hayasemwi mbele ya watu, mama akae chini. Akakaa.

Unajua kilichofuata? Wanakamati, wote wanne, walianza kumjia mmoja mmoja.

Kwanza alikuja Kivuti, mwenyekiti, mwenye bucha pale sokoni. Alikuja na kipande cha ini kimefungwa kwa jani la mgomba. "Mke wa Nthiga," alisema, "mimi hii nyumba yako sikuitaja. Niliambiwa tu imeenda." Akaacha ini mezani, akaondoka.

Kesho yake alikuja seremala akasema vilevile. Akaja katekista, akaapa kwa jina la Bikira kwamba hakufungua mdomo. Gichovi, karani wa kamati, kijana msomi wa kutoka upande wa Nkubu, alimkuta bombani akamnong'oneza kwamba yeye huandika yanayosemwa, na hilo hakusikia mtu akilisema.

Igoki alimweleza jirani yake Teresia. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja, na Teresia alikuwa mjane mwenye ulimi ambao hata homgadi waliuepuka.

"Basi nyumba ilijitaja yenyewe," Teresia alisema. "Iliamka asubuhi, ikavaa viatu, ikaenda kambini."

Igoki alicheka. Alishangaa kusikia kicheko kikitoka kwake.

Lakini mtaa haukucheka. Ikiwa nyumba ya mtu inaweza kuondoka bila mtu yeyote kuitoa, yako inabaki na nini? Wanawake waliacha kununua kwa Kivuti. Hawakutangaza mgomo, maana mgomo ungewafikisha kizuizini. Walipita tu mbele ya bucha na vikapu vyao kana kwamba hakuna bucha. Nyama ilikaa ikabadilika rangi. Seremala alikuta kitanda alichoagizwa na mteja hakitakiwi tena. Lisemwalo lipo, walisema watu, na wale wanakamati wanne walitembea na shingo zimeingia mabegani.

Mwishowe Kivuti mwenyewe ndiye aliyetamka neno la thenge.

Wasomaji wa mbali nitawaeleza. Thenge ni beberu. Huko Mbeere, na Embu, na Meru pia, kesi ikishindikana kabisa, kila mtu akikana na hakuna shahidi, huletwa beberu asiye na kasoro. Anayeshukiwa humpiga kwa jiwe, amvunje mifupa, huku akisema kwamba ikiwa amesema uongo, yeye na nyumba yake wavunjike vivyo hivyo. Nyama yake hailiwi. Mwongo hathubutu kushika lile jiwe, na akithubutu, watu hukaa wakisubiri waone nani ataanza kufa kwao. Ni jambo baya kulitazama, na ndiyo maana hufanywa mara chache.

Kivuti alisema afadhali hivyo kuliko kuishi akiangaliwa kama fisi. Seremala akakubali. Katekista alikataa, akasema ataapa kwa Biblia.

"Hiyo Biblia imeapiwa na kila mwongo wa huu mtaa na bado ni nzima," Teresia alimwambia. "Tunataka kitu inakufa."

Siku mbili baadaye katekista akasema sawa, ila atasali kwanza.

Wewe msomaji unajua vizuri ni miaka gani ile. Kula kiapo kama cha wapiganaji wa msituni kulikuwa kifungo, na kukilisha kulikuwa kamba shingoni. Igoki alijua. Alimwendea Gichovi, maana ndiye aliyeijua serikali, akamuuliza kama si hatari. Gichovi alifikiri sana. Alisema viapo vya msituni hufanywa kwa kificho, lakini hii ni kesi, na kesi ya thenge hata wazungu wa zamani waliiruhusu kwenye baraza za wenyeji. Akashauri wasifanye kwa siri. Wafanye adhuhuri, uwanjani, mtu yeyote apite aone.

Wote wakaona ni maneno ya akili. Walikuwa wamechoshwa na milango iliyofungwa, wakadhani kinachofanywa mwangani hakiwezi kuwa kosa. Ukiniuliza, hakuna kosa lingine walilofanya. Gichovi hakuwa msaliti, msimtukane. Aliamini alichosema, na yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kushika jiwe.

Beberu alitoka kwa Teresia. Alikuwa mweusi mtupu, mnene, amelelewa pale nyuma ya jiko. Igoki alimkatalia, akasema mjane hawezi kutoa alichonacho kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine.

"Leo ni yako, kesho ni yangu," Teresia alisema. "Chukua."

Wakakutana kwenye uwanja wa nyuma ya machinjio, jua la utosi. Wanawake hawakaribii mahali pa thenge, kwa hiyo Igoki na Teresia walisimama mbali, kwenye ua wa miiba. Watu wengine walisimama barabarani wakijifanya wanapita.

Kivuti alianza. Alisema maneno kwa Kimbeere, polepole, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye ua: kama ni yeye aliyeitaja nyumba ya Nthiga, avunjike kama huyu. Akapiga. Mbuzi akalia kama mtoto, na Igoki aliwaza kwamba anapaswa kuumia kwa sauti ile, lakini hakuumia. Alikuwa akiangalia mikono tu.

Seremala akapiga. Katekista alisali Baba Yetu, akapiga huku machozi yakimtoka. Gichovi alivua koti lake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya nyasi, akapiga. Mbuzi akanyamaza.

Hakuna mkono uliotetemeka.

Hapo ndipo Igoki aliposhikwa na hofu, ya kwanza baada ya miezi mingi. Alikuja akitegemea kwamba mmoja atarudi nyuma, atamjua, na hata kama hatapata nyumba atakuwa na mtu wa kumchukia. Sasa wote wanne walikuwa wakweli. Kama si hawa, ni nani?

Hakupata nafasi ya kulifikiria. Lori liliingia uwanjani, na homgadi waliruka chini kabla halijasimama. Waliokuwa barabarani walitawanyika. Wanne wale, Igoki, Teresia na wapita njia wachache wasio na mbio walisukumwa ndani. Beberu aliachwa pale na nzi wake.

Kambini, Igoki aliitwa mbele. Palikuwa na meza nje, na mzungu kijana, ofisa wa serikali ambaye watu walimwita Bwana Shauri, amevaa kaptura, amechomwa na jua puani. Alijua Kiswahili cha kutosha kuamrisha.

"Wewe mama. Kiapo hii ni ya nini?"

"Si kiapo cha msituni, bwana. Ni kesi ya nyumba yangu. Kamati ilinyang'anya nyumba, na hakuna mtu anasema ni yeye."

"Kamati hapana taja nyumba yako," Bwana Shauri alisema. Alionekana kuchoka. "Mwenye nyumba ametoa mwenyewe. Amesema hapa, mbele yangu. Kamati iliambiwa tu."

"Mwenye nyumba yuko Manyani, bwana."

Mzungu alimtazama sajini wa homgadi. Sajini akatazama chini.

"Mbuzi ni ya nani?" Bwana Shauri aliuliza.

Igoki aliniambia kwamba jibu lilitoka lenyewe. Alisikia mtu akisema ni wangu, akagundua ni yeye. Hakuwa akifanya ushujaa. Alihesabu kwamba Teresia alikuwa bado na nyumba, na yeye hana, kwa hiyo ilikuwa nafuu aende yeye.

"Tutaona," Bwana Shauri alisema.

Wakapangwa mstari kando ya handaki. Sajini alitangaza kwamba serikali haina haja na wote. Inataka yule aliyemtoa mbuzi, kwa sababu atoaye mbuzi ndiye alishaye kiapo, na akipatikana huyo, wengine watapigwa viboko na kurudi kwao. Kisha akaita jina ambalo si jina la mtu, na kutoka kwenye kibanda cha nyuma akaja mtu aliyevaa gunia.

Watu wa Embu hawahitaji kuelezwa gunia ni nini. Lilimfunika kutoka kichwani mpaka magotini, na pa macho palitobolewa matundu mawili. Alipita mbele ya watu, na wewe husikii sauti yake. Akitikisa kichwa, umepona. Akiitikia kwa kichwa, hutaonekana tena kwa miaka. Hakuna aliyejua ni nani aliye ndani, na hilo ndilo lililowafanya watu waogope ndugu zao wenyewe.

Igoki hakumwangalia usoni, maana uso haukuwapo. Aliangalia chini, kama wengine wote, na chini ya gunia palikuwa na miguu iliyovaa viatu vya mpira wa gari, vipya.

Aliijua miguu ile. Alikuwa ameitoa funza kwa pini jioni nyingi, imelazwa juu ya mapaja yake, mwenye miguu akilalamika kama mtoto. Kidole gumba cha kulia kilipinda nje, na ukucha wake ulikufa siku jiwe lilipomwangukia alipokuwa akichimba msingi wa nyumba.

Yote yakaingia mahali pake bila kishindo. Mbele yangu, alisema Bwana Shauri. Mumewe alikuwa ametoka Manyani. Alikuwa hapa, mwendo wa kupika ugali kutoka mlangoni kwake, kwa siku ambazo mkewe hakuzijua, na gharama ya kutoka ilikuwa gunia, na mtu wa gunia hawezi kurudi kulala kati ya watu anaowaitikia. Kwa hiyo nyumba hakuihitaji tena. Alikuwa ameitoa.

Hakumjia kumwambia. Hakumuuliza hata mtoto yuko wapi.

Gunia lilipita kwa Kivuti, likatikisa kichwa. Likapita kwa seremala, katekista, Gichovi, wote likatikisa. Wale wapita njia nao likawatikisia. Likafika kwa Igoki, likasimama.

"Huyu anasema mbuzi ni wake," sajini alisema. "Ni kweli?"

Kupitia kitambaa alimsikia akipumua. Angeweza kunyoosha mkono akamgusa. Angeweza kutamka jina lake, moja tu, kwa sauti ya kawaida, na watu waliokuwa pale wangelipeleka hadi Siakago kabla jua halijatua. Alingoja asikie hasira. Haikuja. Huruma pia haikuja. Moyo wake ulikuwa umekaa mbali kama mtu aliyechelewa.

Gunia likatikisa kichwa. La, si huyu.

Kisha likasogea hatua moja, likasimama mbele ya Teresia, likainamisha kichwa, likakiinua, likakiinamisha tena.

Mtu mmoja alitakiwa, na mtu huyo akapatikana. Nthiga alikuwa amemwokoa mkewe, na hiyo ndiyo namna aliyoipata ya kufanya hivyo.

Homgadi wawili walimshika Teresia mikono. Hakupiga kelele wala hakukataa. Alimgeukia Igoki, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

"Igoki," alisema, "wewe umemwangalia sana huyu mtu. Unamjua?"

Kivuti aliinua kichwa. Gichovi aliinua kichwa. Mtaa mzima ulikuwa pale ukingoja jina, na mwanamke aliyekwenda barazani kunyoosha mkono na kudai jina alikuwa nalo mdomoni.

"Simjui," Igoki alisema.

Teresia aliyafuata macho ya Igoki yalikokuwa yameshuka, taratibu, mpaka kwenye vile viatu vya mpira na kile kidole gumba kilichopinda, na huyo Teresia alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja kwa miaka yote ya ndoa yao.